Beetle 1500 ya 1969: kubadilisha mipira ya petroli, pampu na filta nyumbani

KobeWaTanga

Wakuu, heshima kwenu. Gari ni VW Beetle 1500 ya 1969, bado ina dainamo, kabureta ni Solex 30 PICT-2. Imelala muda mrefu. Mipira ya petroli imekauka, ukiikunja inapasuka. Ndani ya gari kuna harufu ya petroli, hasa tangi likijaa. Ikitembea kilomita chache inazima, ukiiacha kidogo inawaka tena. Pampu mpya na filta ya plastiki ninazo tayari. Nataka kazi yote niifanye nyumbani, spana na bisibisi zipo. Naomba kujua:

1. Mpira wa saizi gani, na mita ngapi?
2. Filta ikae wapi? Wengi wanaifunga juu, kati ya pampu na kabureta.
3. Pampu mpya ina lolote la kupima, au ni kufunga tu?
4. Tangi lina kutu kidogo. Je, niweke pampu ya umeme nimalizane na shida zote?

---

SpanaKumiNaTatu

Mkuu, anzia tangini uende nyuma. Ukianza na pampu na kabureta, kutu ya tangi itaziba kila kipya ulichofunga.

Kwanza usalama, maana blok ya injini hiyo ni aloi ya magnesi. Ikishika moto huizimi kwa maji. Fanya kazi nje au milango ikiwa wazi, jiko la mkaa liwe mbali, na mtungi wa kuzimia moto wa unga uwe karibu na mkono. Chomoa waya wa hasi wa betri, iko chini ya kiti cha nyuma upande wa kulia. Tangi liko mbele na liko juu ya mpira wake, kwa hiyo ukiuchomoa petroli inashuka yenyewe mpaka iishe. Nyonya kwanza petroli yote kwa mpira kupitia mdomo wa kujazia (usinyonye kwa kinywa, tumia pampu ya mkono), halafu weka bolti ya milimita 6 karibu ya kuzibia mpira wowote utakaobaki ukidondoka.

Mpira: bomba la chuma linalopita ndani ya handaki la chesisi lina kipenyo cha nje cha milimita 6. Mpira wake uwe na tundu la milimita 5 au 5.5. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Madukani utapewa wa robo inchi, ambao ni zaidi kidogo ya milimita 6. Unaingia bila kusukumwa, na ukiukaza kwa klipu unajikunja mkunjo mmoja, petroli inapita kwenye huo mkunjo. Mpira sahihi unaingia kwa kusukuma na kuzungusha.

Soma maandishi ubavuni. DIN 73379 ni ule wenye nyuzi za pamba nje, kama wa asili. SAE J30 R9 ni mzuri zaidi kwa petroli za sasa ukiupata kwa saizi inayobana. Usio na maandishi yoyote uache dukani, na ule wa plastiki unaong'aa ni wa maji: ukikaa karibu na joto la injini unakuwa mgumu kama mfupa na kuchomoka. Mita 2 zinatosha gari zima na kubaki: kipande kifupi chini ya tangi, kirefu kutoka mwisho wa bomba la chuma kando ya giaboksi hadi kwenye pampu, na cha tatu kutoka pampu hadi kabureta.

Pale mpira unapopenya bati la mbele la injini lazima pawe na raba ya tundu. Ikikosekana, bati linakata mpira taratibu kwa mtikisiko, na wewe huoni kwa sababu ni upande wa nyuma.

Klipu ziwe ndogo, za bendi laini yenye kingo zilizopinda juu. Zile za radieta zenye matundu zinakwangua mpira, na kwenye kipenyo kidogo namna hii hazibani duara kamili.

---

PisitoniBaridi

Naongezea upande wa pampu, kwa sababu swali la tatu ndilo linaloua pampu mpya.

Pampu inasukumwa na kijiti cha chuma kinachopanda na kushuka juu ya shafti inayozungusha distribyuta. Injini za dainamo zina pampu iliyosimama wima na kijiti cha milimita 108. Injini za alteneta zilipata pampu iliyoinama na kijiti cha milimita 100. Vipuri vya aina zote mbili vinauzwa vikiwa vimechanganyika, kwa hiyo kabla ya kufunga chochote toa kijiti chako ukipime kwa rula. Kijiti kifupi chini ya pampu ya wima, petroli haifiki. Kirefu chini ya pampu iliyoinama, kinavunja mkono wa pampu au kupasua kiwambo chake.

Kufungua: nati mbili za spana 13. Pampu ikitoka, chomoa kijiti KWANZA, ndipo ung'oe kile kipande cheusi cha plastiki kinachokiongoza. Ukikinyanyua kipande kijiti kikiwa bado ndani, kinaweza kudondokea kwenye blok. Tundu likibaki wazi lizibe kwa kitambaa safi.

Kupima: rudisha kipande cha plastiki na gasketi zake, moja chini na moja juu. Ingiza kijiti, ncha iliyochongoka ielekee chini. Zungusha injini kwa spana 30 kwenye puli ya chini huku ukiangalia kijiti kinapanda hadi wapi. Kikifika juu kabisa kiwe kimetokeza milimita 13 juu ya gasketi ya juu. Kikizidi, ongeza gasketi chini ya plastiki. Kikipungua, punguza gasketi. Usikisage kwa faili, gasketi ni bei ya chai.

Jaza grisi kwenye uvungu wa chini wa pampu kabla ya kuifunga, na zile nati mbili zikaze kwa zamu. Ukiukaza upande mmoja hadi mwisho, plastiki inapasuka na oili itavuja hapo kila siku.

Sababu ya hesabu yote hii ni presha. Sindano ya kabureta hiyo (vali inayosukumwa na boya ili kufunga petroli kikombe kikijaa) inahimili takriban psi 3 hadi 3.5, kama bar 0.2. Pampu nyingi mpya zinazidisha. Boya haliwezi kuifunga sindano, kikombe kinafurika, petroli inashuka kwenye silinda na kuchanganyika na oili. Chomoa kijiti cha kupimia oili unuse. Kikinuka petroli, mwaga oili yote kabla ya kuendelea, maana hapo oili hailindi tena beringi.

---

HandakiLaChesisi

Swali la filta: usiiweke juu ya injini, tafadhali. Sababu ni mbili. Filta inaning'inia karibu na distribyuta na koili, kwa hiyo ikipasuka petroli inamwagikia cheche. Pili, uzito wake unauvuta ule mrija wa shaba wa kuingizia petroli kwenye kabureta. Mrija huo haukuungwa kwa nyuzi za skrubu, uligongwa tu kwenye mfuniko. Gari likizeeka unalegea, siku moja unachomoka gari likitembea huku pampu inaendelea kumwaga. Beetle nyingi zilizoungua zimeanzia hapo.

Ushike kwa vidole na uuzungushe. Ukicheza hata kidogo, fungua mfuniko (skrubu 5), utoe mrija, ukwaruze sehemu inayoingia ili ipate meno, uusafishe kwa thina na uugonge tena pamoja na gundi ya kukazia chuma inayovumilia petroli. Kisha funga waya mwembamba kutoka kwenye mrija hadi skrubu ya mfuniko. Fundi wa leithi anaweza kutoboa na kukata nyuzi aweke mrija wa skrubu. Hiyo ndiyo dawa ya kudumu. Ukiwa umefungua mfuniko badilisha na sindano, spana 14, na washa (pete) yake iwe moja tu. Ukiweka mbili, kiwango cha petroli kwenye kikombe kinabadilika.

Filta yenyewe mimi naifunga nyuma, kando ya giaboksi, pale mpira unapotokea kwenye chesisi. Unaiona na kuibadilisha bila kugusa tangi.

---

SpanaKumiNaTatu

Hapo tunatofautiana kidogo. Kwa tangi lenye kutu, filta iwe chini ya tangi, kabla ya bomba la handaki. Uchafu ukishaingia kwenye bomba lile unahitaji kompresa kuutoa, na ukipuliza uanzie nyuma kwenda mbele, ncha zote mbili zikiwa wazi. Tangi likishakuwa safi ndipo uihamishie nyuma.

Kuhusu harufu: usikimbilie kulaumu bomba la handaki. Maadamu inazidi tangi likijaa, angalia juu ya tangi. Fungua boneti, utoe kadibodi, utaona geji ya petroli imefungwa kwa skrubu 5 juu ya gasketi ya kizibo (gome laini kama la kizibo cha chupa). Gasketi hiyo hukauka. Angalia pia mpira mnene unaounganisha mdomo wa kujazia kwenye bawa la kulia, na vimpira vyembamba vya kupumulia. Bomba la handaki likivuja, harufu haijali tangi limejaa au la, na chini ya gari utaona unyevu.

---

KobeWaTanga

Shukrani sana wakuu. Mrija wa shaba kweli unacheza! Bado sijaelewa kwa nini inazima barabarani, na suala la pampu ya umeme.

---

PisitoniBaridi

Ikizima tu, usigeuze ufunguo tena. Fungua kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa inaingia kwa nguvu, njia ya kupumulia imeziba na tangi lilikuwa linajinyonya lenyewe. Kama hakuna, injini ikiwa imezimwa, toa kisafisha hewa, chungulia kooni mwa kabureta na uvute waya wa akselereta kwa mkono. Petroli ikiruka kama uzi mwembamba, kabureta ina petroli, kwa hiyo tafuta upande wa umeme: koili au kondensa ikipata joto hufanya mchezo huu huu. Isiporuka kitu, ni petroli, na kwa tangi la kutu mshukiwa wa kwanza ni kichujio cha wavu kilicho ndani, kwenye mdomo wa chini wa tangi. Gari likitembea kutu inavutwa na kukiziba, likisimama inaachia. Ndiyo maana inawaka tena. Ikiwa inazima kwenye sailensa tu (injini ikinguruma bila kukanyaga akselereta) lakini ukikanyaga inakwenda, angalia ile vali ya umeme ubavuni mwa kabureta kama inapata umeme: washa swichi, gusa waya wake, lazima ilie "tik".

Pampu ya umeme haiponyi hata moja ya hayo. Ukiamua kuweka, iwe ya psi 1.5 hadi 3.5, ifungwe mbele karibu na tangi kwa sababu inasukuma vizuri kuliko inavyovuta. Ile pampu ya kijiti uitoe pamoja na kijiti chake na uzibe tundu kwa bati na gasketi. Lazima iwe na rilei inayoikata injini ikizima, la sivyo gari likigongwa itaendelea kumwaga. Pampu za gari za EFI (zinazopulizia petroli kwa mfumo wa kielektroniki, bila kabureta) zinazouzwa Gerezani, Dar, au Kirinyaga Road, Nairobi, usizifikirie. Presha yake ni zaidi ya mara kumi ya inayotakiwa hapa.

---

HandakiLaChesisi

Tangi: bolti 4 za spana 13 pamoja na vibati vyake, mpira wa mdomo, waya wa geji, linatoka. Tangi tupu lenye mvuke ni hatari kuliko lililojaa, kwa hiyo lisuuze kwa maji na sabuni mara kadhaa kabla ya hatua nyingine, na usimruhusu mtu alichomelee.

Toa kichujio cha wavu, ziba mdomo wa chini na tundu la geji, kisha jaza maji ya moto yenye ndimu ya unga (asidi ya sitriki), gramu 50 hadi 80 kwa lita. Tangi ni la lita 40 hivi, kwa hiyo andaa kilo 2 hadi 3. Liache usiku kucha. Mwaga, suuza kwa maji yenye magadi ili asidi ife, suuza tena, kausha papo hapo kwa kompresa. Ukichelewa, kutu nyekundu inarudi mbele ya macho yako. Malizia na nusu lita ya petroli yenye oili kidogo, uitikise ipake kuta zote, uimwage. Rangi za kupaka ndani ya tangi sizipendekezi: mahali palipobaki kutu zinabanduka, na magamba yake yanaziba kuliko kutu yenyewe.

Ukimaliza kufunga, weka lita 5 tu. Kagua kila kiungo kwa karatasi ya chooni iliyo kavu: kabla ya kuwasha, injini ikiwa inanguruma, na tena ikipoa. Karatasi inaonyesha tone ambalo jicho halioni. Klipu zikaze upya baada ya safari ya kwanza, mpira mpya hulala kidogo ukipata joto. Hiyo filta yako ya plastiki tumia kusafishia mabaki ya kutu, ikibadilika rangi tupa, weka nyingine.