Mrejesho: milio ya mashine ya kufulia na friji kwa Kiingereza

Wakuu nimerudi. Niliuliza milio ya mashine ya kufulia na friji naielezaje kwa Kiingereza, maana fundi wa kwenye chati haelewi Kiswahili na mimi kila kitu nilikuwa naita "noise" tu. Uliyesema "rattle" ni kitu kilicholegea kinagongagonga, ubarikiwe, niliandika hivyo hivyo fundi akaniambia fungua chujio la pampu ya mashine ya kufulia, nikakuta sarafu mbili! Kwenye friji ndo nilichemka, niliandika "hum" (mvumo wa chini chini) akajibu hiyo kawaida ya kompresa, ile mota ya friji, kumbe ule mlio kama wa nyuki ni "buzz", nikarekebisha, akasema angalia kama imekaa sawa sakafuni. Nimeisawazisha, mlio umepungua ila usiku bado unasikika. Asanteni sana.