Hawe na kituo cha nne

UKOO WA HAWE, BIBI YETU (Malindi, Mombasa, Lamu)

ALHAMISI KUU

[19:42] Kadzo: Jamani, Hawe hajatia kitu mdomoni tangu asubuhi. Asema ameshaanza mfungo wa Ijumaa Kuu, na kesho anatembea vituo vyote 14 vya Njia ya Msalaba. Mimi nimesema mpaka nimechoka. Mwenye maneno mazuri ampigie.

[19:45] Kahindi: Asitembee!! Mwaka jana alianguka kituo cha saba, mimi ndiye niliyemdaka. Sukari ilikuwa imeshuka hata jina langu halijui.

[19:51] Sidi Lamu: Mama yangu 😢 Mimi navuka Mokowe alfajiri, nitafika mchana na watoto. Mnizuilie Hawe mpaka nije.

[20:30] Mjomba Karisa: Wanangu, ndiyo natoka kwenye Misa ya Karamu ya Bwana, nimesoma yote. Kanisa linawataka kufunga wenye miaka 18 hadi wanapotimiza 59, tena siku 2 tu kwa mwaka: Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Mlo mmoja wa kushiba, asubuhi na jioni kitu kidogo. Kuacha nyama ndiko kunaanza miaka 14 na hakuna uzee wa kukuondoa. Hawe ana 81 na ni mgonjwa. Ale, anywe dawa, hana dhambi yoyote. Kadzo, msomee.

[20:38] Kadzo: Nimemsomea. "Karisa nilimbeba mgongoni, leo anifundishe kufunga?"

[20:39] Mjomba Karisa: Ni kweli alinibeba. Muulize basi anatafuta nini njiani. Muulize taratibu.

[21:14] Kadzo: Nimekaa naye uani. Amenikataza nisifupishe, kwa hiyo ni refu.
Asema yeye hafuati vituo vyote, anafuata cha nne, Yesu anapokutana na Mama yake. Siku tuliyomzika baba yake Kahindi hakulia, kwa sababu watu walikuwa wengi na yeye ndiye aliyekuwa akiwagawia maji. Wakaondoka, machozi hayaji. Ijumaa Kuu iliyofuata, kituo cha nne, pale barabarani, ndipo yalipokuja. Hakuna aliyemwambia nyamaza, maana kila mtu alikuwa amepiga magoti. Tangu hapo anatembea. Asema akikosa cha nne atakuwa kama amemwacha mwanawe peke yake.

[21:22] Kahindi: Baba yangu huyo, na mimi hili sikulijua.

[21:24] Sidi Lamu: 🙏🏾🙏🏾

[21:31] Mjomba Karisa: Maandamano hupita mbele ya mlango wake kila mwaka. Subirini nimpigie mwenyekiti wa jumuiya.

[21:50] Mjomba Karisa: Amekubali. Cha nne kitakuwa mlangoni kwa Hawe. Kadzo, toa meza, kitambaa cheupe, na ile picha ya Mama Maria. Maua si lazima, hata altare kanisani usiku huu imevuliwa kila kitu.

[21:58] Kadzo: Hawe amenyamaza kidogo, halafu akasema "niletee uji". Wa wimbi, hauna sukari. Anakunywa. Na Mama Salim ameita ukutani: mtungi wa maji ataweka barazani kwake kama kawaida, japo yeye mwenyewe yuko kwenye funga ya sita, zile siku sita baada ya Ramadhani.

[22:03] Sidi Lamu: Mungu amlipe. Mjomba, Jumamosi nataka kuwapeleka watoto kile kikanisa cha Wareno cha makuti, chenye makaburi. Niwaambie nini?

[22:10] Mjomba Karisa: Waambie Vasco da Gama alitia nanga hapa Malindi Aprili 1498, siku za Pasaka. Na Mt. Fransisko Ksaveri alipita 1542 akienda India, akamzika hapa mtu aliyefia melini. Mimi hilo la pili ndilo linalonigusa. Mtu mbali na kwao, na bado akapata wa kumzika. Wakifika wavue kofia.

IJUMAA KUU

[08:47] Kadzo: Nawasikia. Kengele hakuna leo, wanagonga vibao viwili vya mbao. Wako cha pili.

[08:49] Mjomba Karisa: Kahindi ndiye atakayeubeba msalaba kutoka cha tatu.

[09:05] Kadzo: Kiti nimetoa, amekikataa. Amesimama, amejifunga leso nyeusi. Kahindi husomi hii lakini naandika tu: ukifika usiseme neno, simama karibu naye.

[10:20] Kahindi: Nimefika nyumbani sasa. Msalaba ulikuwa fito mbili za mvinje, hata gamba hazijatolewa, limenichuna bega. Wenzangu walipopiga magoti, Hawe alinisogelea akanifuta damu kwa ncha ya leso yake. Hakusema kitu. Alilia, na mimi nililia.

[10:24] Kadzo: Amelala. Ameomba sima na mboga ya mutsunga ya nazi akiamka, na ataka kuwa kanisani saa tisa kubusu Msalaba. Nani ana gari?

[10:25] Kahindi: Nakuja na tuktuk saa nane.