Ada ya chama cha wafanyakazi inakatwa kila mwezi ila ovataimu ikiliwa hawaonekani, nifanyeje?

MtuWaChumbageni
Wagosi habari za saa hizi. Mi nipo kiwanda kimoja hapa Tanga, kitengo cha kupakia. Shifti zetu masaa 12, ya usiku tunaingia saa mbili tunatoka saa mbili asubuhi, sasa tangu aje meneja mpya ovataimu haipo kwenye slipu, ukiuliza unajibiwa eti imeshaingizwa humohumo kwenye mshahara. Ada ya chama lakini haikosi hata mwezi mmoja! Nimemfuata mwenyekiti wa tawi kaniambia nisubiri kikao, kikao chenyewe hakijulikani lini, na watu wanasema jamaa na hechiara (afisa rasilimali watu) ni damdam. Wenzangu wanaogopa, si mnajua vibarua walivyojaa getini. Naweza kwenda mwenyewe ofisi ya chama mkoa au nitaonekana nimemruka?

BiSahare
Mruke tu mdogo wangu, chama si mali ya mwenyekiti wa tawi. Ila usiende mikono mitupu. Andika barua, ambatanisha slipu, orodhesha tarehe za shifti, na kama kuna lile daftari la getini mnalosaini kuingia na kutoka piga picha kurasa zenye jina lako. Nimekaa kamati ya tawi zamani, mtu anakuja "tunaonewa", ukimuuliza lini, masaa mangapi, anatoa macho. Sasa katibu akabanane na mwajiri kwa lipi? Mkisaini hata watano ndo bora zaidi, mmoja ni rahisi kumtisha.

mkonge_korogwe
Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema masaa ya kawaida mwisho 9 kwa siku na 45 kwa wiki, ya ziada unalipwa mara 1.5, na usiku kuanzia saa mbili mpaka saa kumi na mbili asubuhi kuna nyongeza ya 5%. LAKINI kasome mkataba wako kwanza, kuna kitu wiki iliyobanwa, mkikubaliana kwa maandishi mnaweza kupiga masaa 12 kwa siku bila ovataimu mradi siku zisizidi tano na masaa 45 ya wiki yasipitwe. Hapo ndo wengi wanapigwa, wamesaini bila kusoma.

MtuWaChumbageni
Mkataba ninao nyumbani, hiyo sijaiona. Na tunaingia siku sita.

mkonge_korogwe
Siku sita kwa 12 ni 72 ndugu yangu, hapo hawana pa kujificha.

BiSahare
Na jamani msisahau muda. Wakati chama kinawapiga danadana za vikao siku za kupeleka mgogoro CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi) zinakwenda tu, mgogoro wa malipo kama huu ni siku 60, wa kufukuzwa kazi 30. Ukichelewa itabidi uombe kwanza kuongezewa muda na utoe sababu, na "nilikuwa nasubiri kikao" sio sababu ya kuitegemea. CMA ofisi ipo hapahapa Tanga, unajaza fomu namba 1, chama kinaweza kukusimamia mbele ya msuluhishi, kikigoma unaenda mwenyewe.

MtuWaChumbageni
Asante dada. Wiki hii nipo usiku, kesho nikitoka napitiliza ofisi ya mkoa kabla sijalala.

BiSahare
Nakala mbili basi, moja wakugongee muhuri wa kupokea urudi nayo.