Mjadala: Supamaketi ipewe siku ngapi kumlipa msambazaji?

Mleta mada

Ndugu zangu, wengi wetu tunaikumbuka Nakumatt ya enzi zake, supamaketi ya Kenya. Ilianza Nakuru kama biashara ya magodoro, ikakua hadi kuvuka matawi 60 katika Kenya, Uganda, Rwanda na Tanzania. Ilituzoesha kununua maziwa saa nane za usiku, ikatupa kadi ya pointi, ikaweka friji, mkate na sukuma wiki chini ya paa moja. Mwaka 2014 ilipochukua maduka ya Shoprite Tanzania, nilijivunia sana: kampuni ya Afrika Kusini inafungasha, ya Nakuru inaingia.

Lakini upanuzi ule uligharimiwa na nani? Benki, ndiyo, ila pia watu waliopeleka mali yao na kungoja malipo. Unga unaingia leo, unauzwa wiki hiyo hiyo kwa pesa taslimu, mwenye unga analipwa baada ya miezi. Pesa iliyokaa hapo katikati inafungua tawi jipya. Tawi likikosa wateja, wasambazaji wanaacha kuleta mali, rafu zinabaki wazi, na wateja waliokuwa wamebaki nao wanahama. Mwaka 2017 tuliyaona hayo kwa macho yetu. Januari 2020 wadai walipiga kura kampuni ifungwe, ikidaiwa zaidi ya shilingi za Kenya bilioni 30.

Supamaketi ya Uchumi, iliyoanzishwa 1975 kwa mkono wa serikali ya Kenya, ilifunga milango 2006, ikafufuliwa, kisha Oktoba 2015 ikajiondoa Uganda na Tanzania. Supamaketi ya Tuskys nayo ikaanguka na madeni ya wasambazaji.

Msimamo wangu ni kwamba sheria itaje siku. Marekebisho ya 2019 ya Sheria ya Ushindani ya Kenya yanahesabu ucheleweshaji wa malipo usio na sababu ya haki kuwa matumizi mabaya ya nguvu ya mnunuzi, yaani duka kubwa kumbana anayeliuzia mali. Sababu hazikosekani kamwe! Tuandike siku 30 kwa vyakula vinavyoharibika upesi, 60 kwa bidhaa nyingine. Nani anapinga?

Mhasibu, Eldoret

Mimi napinga, kaka. Ukiweka siku 30 na 60 kwa maduka yote, supamaketi za Carrefour, zinazoendeshwa Kenya na kampuni ya Majid Al Futtaim ya Dubai, zitalipa bila kutoka jasho. Litakaloumia ni duka dogo la Kitale au Bungoma ambalo benki hailikopeshi. Mkopo wa msambazaji ndio mtaji wake pekee.

Tena supamaketi ya Naivas ilitoka Nakuru hiyo hiyo, nayo hupokea mali kwanza na kulipa baadaye kama wenzake. Mbona imesimama? Iliingiza wawekezaji, na mwaka 2022 kampuni ya IBL ya Mauritius na washirika wake wakanunua hisa. Tuskys iliraruliwa na ugomvi wa ndugu wenye kampuni, na hakuna idadi ya siku ingeutuliza. Meno ya sheria pia yapo: mwaka 2023 Mamlaka ya Ushindani iliitoza Majid Al Futtaim faini ya shilingi bilioni 1.1 kwa kuwabana wasambazaji wawili.

Mtengeneza achari, Mombasa

Samahani kaka zangu, mnabishania siku na hamjasema zinahesabiwa kuanzia lini. Niliwahi kupeleka achari na pilipili kwenye duka moja kubwa, silitaji. Tulikubaliana siku 60. Zilipotimia nikaambiwa ankara haionekani, nilete nyingine, na hesabu ikaanza upya. Maembe nilinunua taslimu, chupa taslimu, vijana wanaomenya nawalipa kila Jumamosi.

Mniambie nikashtaki? Nikishtaki, sehemu yangu kwenye rafu anapewa mwingine. Siku zihesabiwe kuanzia muhuri wa kupokelea mzigo, na Mamlaka ikague vitabu yenyewe bila kungoja mtu ajitoe mhanga.

Mleta mada

Dada, hoja ya muhuri naichukua nzima, iingie kwenye pendekezo.

Mhasibu, kuhusu Kitale sikubaliani nawe. Duka lisiloweza kuishi bila pesa ya huyu dada limemgeuza mkopeshaji bila kumuuliza, na bila riba. Wenye benki wanaomba dhamana kwanza. Yeye hana hata karatasi ya kushika siku duka linapofilisika, anapanga foleni nyuma yao. Ugomvi wa Tuskys ulikuwepo kweli, lakini kama madeni yangekuwa ya siku 30 au 60 tu, wasambazaji wangejitoa mapema na hasara ingekuwa ndogo.

Tusifunge duka la mtu, sawa. Basi riba ianze kuhesabika yenyewe kesho yake siku 30 au 60 zikiisha, kwa kiwango kile kile ambacho benki ingelitoza duka hilo. Wewe unavijua vitabu vyao, Mhasibu: hapo kuna meneja atakayependa kuchelewesha?