Mdogo wangu yuko nyumbani anapalilia migomba, sensa inasema yuko gerezani mpaka 2032

Wakuu, salaam. Wasimamizi naomba msiuhamishie uzi huu jukwaa la vichekesho. Juzi niligusia jambo hili, la mfungwa kuhesabiwa mkazi wa kata lilipo gereza, kwenye uzi wa mwenzetu nikaambiwa nimekunywa. Sijanywa. Nimekasirika.

Mimi ni wa Buhigwe, Kigoma. Mdogo wangu alifungwa Aprili 2021, miaka mitano, kesi ya pikipiki ya tajiri wake. Kesi yenyewe siijadili hapa, alikosea na kifungo amekitumikia. Gereza liko wilaya nyingine.

Sasa sensa. Usiku wa kuamkia 23 Agosti 2022 mnaukumbuka, tulihubiriwa "jiandae kuhesabiwa" mpaka watoto wakawa wanaiimba. Kwetu alikuja karani kijana, mpole, kishikwambi amekifunga kwenye mfuko wa nailoni kwa ajili ya vumbi. Akamuuliza mama waliolala humu ni akina nani. Mama akataja mmoja mmoja. Alipomtaja dogo, karani akauliza yuko wapi.

"Yuko jela."

"Basi mama, huyo atahesabiwa huko huko."

Mama akainuka, akasogeza pazia la chumba cha uani. "Kitanda chake si kile pale?" Shuka limetandikwa, hata mto umewekwa. Karani akamjibu kwa upole kabisa: "Mama, mimi naandika aliyelala, siandiki kitanda."

Simlaumu kijana wa watu. Ndivyo alivyofundishwa. Sensa yetu inamhesabu mtu pale alipolala usiku ule, iwe gesti, wodini, kwenye basi au mahabusu. Aliyelala gesti alifika kwake kesho yake. Dogo alirudi Agosti 2024, baada ya kusamehewa theluthi ya kifungo. Mpaka leo kwenye takwimu za taifa yeye ni mkazi wa kata ile ya gereza, na ataendelea kuwa mkazi wake mpaka sensa ijayo. Yuko hapa nje anapalilia migomba ya mama huku mimi naandika!

Kinachonipandisha presha ni hiki. Takwimu zile zile ndizo Tume ya Uchaguzi inazitazama inapogawa majimbo ya ubunge. Ibara ya 75 ya Katiba inataka mgawanyo uchunguzwe angalau kila baada ya miaka 10, na idadi ya watu ni kimojawapo cha vigezo, pamoja na jiografia na mawasiliano. Mei 2025 yametangazwa majimbo mapya manane, yakafika 272. La Kigoma hata moja halimo. Sisemi tumekosa kwa sababu ya wafungwa, msije mkanishambulia kwa hilo. Jimbo ni kubwa, watu mia kadhaa hawalitikisi.

Shuka chini sasa, kwenye kata. Kata ya vijijini ikiwa na gereza lenye mamia ya watu ndani, hesabu yake inavimba. Diwani wa pale ana "wananchi" ambao hawajawahi kumwona sura wala yeye hana haja ya kuwaona, maana kura hawana. Ndiyo, hawana. Sheria ya uchaguzi inamzuia mtu aliyehukumiwa kifungo kinachozidi miezi sita, na sheria mpya ya 2024 imeliacha hilo palepale ingawa Desemba 2022 Mahakama Kuu ilishasema kifungu cha namna hiyo kwenye sheria ya zamani kinakwenda kinyume na Katiba. Julai 2024 uboreshaji wa Daftari la wapiga kura umezinduliwa hapa hapa Kigoma, ngoma, fulana, wakubwa wote wamekuja. Magerezani wakaandikishwa mahabusu na wenye vifungo vifupi. Dogo alikuwa bado ndani, akaambiwa wewe hapana.

Yaani kuongeza idadi ya kata anafaa, kumchagua diwani wa kata hiyo hafai. Hii imekaaje?

Najua kuna mtu anakuja kuniambia "mkuu, si anakula kule na kunywa maji ya kule". Chakula cha mfungwa ni bajeti ya Magereza, Wizara ya Mambo ya Ndani. Diwani hampimii unga. Mwaka 2023 mama alipotaka barua ya kumwombea dogo ahamishiwe gereza la karibu, alikwenda kwa nani? Kwa mwenyekiti wa kijiji chetu. Kule kwenye kata "yake" nani angemjua?

Na msidhani ni sisi tu. Marekani wana ugonjwa huu na kwao ni mkubwa zaidi, kwa sababu wao majimbo ya uchaguzi na kata wanavikata kwa idadi ya watu hasa. Kuna mji mdogo Iowa unaitwa Anamosa, una gereza kubwa. Kata moja ya mji ule ilikuwa na watu 1,400 hivi, na karibu 1,300 kati yao walikuwa wafungwa. Mwaka 2005 jamaa mmoja alishinda udiwani wa kata hiyo kwa kura mbili. MBILI. Moja ya mkewe, nyingine ya jirani, yeye mwenyewe hata hakujipigia. Baadaye mji ukabadilisha utaratibu, madiwani wakawa wanachaguliwa na mji mzima. Mwaka 2010 Maryland na New York zilitunga sheria kwamba wakati wa kuchora majimbo mfungwa ahesabiwe alikokuwa akiishi kabla ya kufungwa. Kumbe inawezekana. Anwani gereza linayo, si wanaiandika siku unapoingia?

Wenye ndugu ndani, hasa wa Kasulu, Kibondo na ng'ambo ya Tabora huko, nyie karani aliwaambiaje?

Nyongeza: jioni hii nimemuuliza dogo mwenyewe kama anaikumbuka siku ya sensa kule ndani. Akaendelea kupiga jembe, halafu akaniambia, "Kaka, mimi kule nilikuwa nahesabiwa asubuhi na jioni miaka mitatu na ushee. Hiyo ya kwenu ilikuwa ipi?"