Naomba ushauri: nianze na leseni ya ufundi wa ndege au niende chuo kikuu?

Hamjambo ndugu zangu. Nimemaliza kidato cha nne, na mhandisi mmoja pale Uwanja wa Wilson, Nairobi, amekubali kunilea kikazi. Namwita Mwalimu. Kazi yangu kubwa ni kutazama na kuuliza. Hangani, yaani kwenye banda la kutengenezea ndege, kuna ubao ambapo kila spana imechorewa umbo lake. Jioni umbo moja likibaki tupu, ndege hairuki mpaka spana ipatikane. Amenionyesha pia jinsi bolti za injini zinavyofungwa waya ili zisilegee kwa mtetemo. Nimeipenda mno kazi hii.

Mwalimu anashauri nisomee ufundi wa ndege kwanza, nipate leseni ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Baba anamuunga mkono kwa sababu ya ada. Lakini mimi ndoto yangu ni setilaiti. Tangu Taifa-1, setilaiti ya Kenya, iliporushwa Aprili 2023 kwa roketi ya Falcon 9, sijatulia. Na hapa kwetu, setilaiti ya Uhuru iliondokea baharini karibu na Malindi mwaka 1970!

Mliopita njia hii: ukianza na leseni, chuo kikuu kinakuwa kigumu kurudi baadaye? Mwajiri wa mambo ya anga za juu anathamini mikono iliyoshika injini, au anatazama digrii tu? Na nimwelezeje Mwalimu ndoto yangu bila kuonekana sina shukrani? Namheshimu sana.