Besiboli: mchezaji wa beisi ya tatu asimame wapi? (miaka 10–12)

Wakuu, uwanja wetu ni wa vipimo vya Little League (ligi ya besiboli ya watoto): mita 18.3 beisi hadi beisi, kibao cha mrushaji mita 14 kutoka kwa mpigaji. Kocha msaidizi anataka mtoto wa beisi ya tatu asogee mbele mita 5 muda wote kuzuia bunti (mpira unaoguswa taratibu kwa gongo ili usiende mbali). Ni salama?

— Muda wote hapana. Anabaki mita 13 tu kutoka kwa mpigaji, karibu kuliko hata kibao cha mrushaji! Aanze hatua 2 au 3 nyuma ya beisi, aingie pale mpigaji anapogeuka na kutelezesha mkono wa juu kwenye gongo.

— Nyongeza: mpigaji akirudisha gongo nyuma ghafla ili apige kwa nguvu, mtoto asimame palepale, magoti yamekunjwa, glavu mbele ya kifua. Wanaoumia ni wanaoendelea kukimbia.

— Na mpira wa juu? Anayekuja mbele kutoka uwanja wa nje (nyuma ya beisi) ndiye mwenye haki ya kuudaka, kwa sababu anauona mpira na wenzake. Apige kelele "Wangu!" mara tatu, mchezaji wa uwanja wa ndani apishe. Kinga ya uso pia, hata kama kanuni hazilazimishi.